Aliyesimama Nyuma ya Goli

Jezi ililetwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na ilikuwa ndogo. Mzee Nurdini aliingiza kichwa, akaingiza mikono, kisha akakwama katikati ya sebule yake mwenyewe kama mtoto anayejaribishwa sare ya shule. Mkewe, Bi Mwanamkuu, aliivuta kwa mbele, na binti yao Najiat akaivuta kwa nyuma, mpaka ikateremka na kumkaa tumboni. Mgongoni iliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: DEBE.

"Baba, kesho usipumue sana," alisema Najiat.

"Nitapumua Jumapili," alijibu mzee. Wote wakacheka, hata Sixbert, katibu wa klabu ya Nyundo, ambaye ndiye aliyeileta jezi na ndiye aliyekosea kipimo.

Sixbert alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa makaratasi na saa. Alifungua daftari la zamani lililovishwa nailoni akasoma ratiba. Kesho yake, Jumamosi, ingechezwa mechi ya mwisho katika uwanja wa Karakana, ule ulio ng'ambo ya reli. Timu ilikuwa inahamia uwanja mpya nje ya mji. Kabla ya mpira kuanza yangesomwa majina ya mashabiki waliosafiri na timu kwenda Kigoma mwaka 1986. Walio hai wangetembea mpaka katikati ya uwanja, na majina yote yangechorwa kwenye ukuta wa uwanja mpya kwa rangi isiyofutika.

"Majina ni arobaini na matatu," alisema Sixbert. "Walio hai ni kumi na wanane. Wewe mzee tumekuweka wa mwisho kwa makusudi. Utapewa kipaza sauti, utasimulia."

"Nitasimulia," alisema Mzee Nurdini, akijinyoosha ndani ya jezi.

"Na wewe mama," Sixbert alimgeukia Bi Mwanamkuu, "pilau tumekutegemea wewe. Sahani hamsini. Mtapikia kule nyuma ya ukuta, kuna kivuli kizuri."

"Inshallah," alisema Bi Mwanamkuu, akaenda jikoni kutazama chai.

Hakukuwa na mtu mzima Tabora asiyeijua hadithi ya safari ile. Nyundo walihitaji sare tu Kigoma ili wapande daraja. Wafanyakazi wa reli walitumia pasi zao, zile za kusafiria bila nauli, na wengine wakakata tiketi za daraja la tatu. Likajaa behewa zima, madirisha yamechomekwa matawi ya mwarobaini. Urambo walinunua kuku wa kuchemsha, Kaliua asali, na nyimbo hazikukatika mpaka daraja la Malagarasi. Kesho yake, mbele ya umati wa wenyeji, Nyundo wakawa wanaongoza bao moja kwa bila. Dakika za mwisho wenyeji wakapata bao, wakapata na penalti. Hapo ndipo shabiki mmoja aliyesimama nyuma ya goli, aliyekuwa akipiga debe la mafuta ya kula tangu asubuhi, alipomwambia kipa kwa Kinyamwezi aruke upande gani, ili wenyeji wasielewe. Kipa akaruka, akadaka. Na shabiki huyo, kila mtu alijua, alikuwa Nurdini.

Alikuwa ameisimulia miaka yote hiyo kwenye kibanda cha Ambrosi, fundi viatu. Ambrosi ni Muha wa Kigoma, na kila mara alimkatiza kwa utani: "Nyie hamkushinda kwa mpira, mlishinda kwa kelele." Lakini watoto wa mtaa walimwamkia "Shikamoo Mzee Debe," na kinyozi hakumweka kwenye foleni. Kwa mtu aliyestaafu kazi ya kugeuza reli, hayo hayakuwa madogo. Kwa miaka ishirini na tisa alisimama mahali njia zinapogawanyika, akiipa kila treni njia yake, ya Kigoma, ya Mwanza au ya Mpanda. Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kumjua jina. Debe ndilo lililompa jina.

"Hodi wenyewe!"

Aliyebisha hodi alikuwa Ambrosi, na nyuma yake alisimama mzee mrefu mwenye mfuko wa mchele begani. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda na kupona vibaya. Huyo alikuwa Bundala, kipa wa mwaka ule, ameshuka basi la Igunga. Kamati ilikuwa imewagawa wageni majumbani, na yeye alipangiwa kwa Mzee Nurdini.

"Nimekuja na mchele," alisema Bundala, akiutua mfuko. "Maana nawajua watu wa Tabora. Maneno mnayo mengi, chakula kidogo."

"Karibu kipa! Karibu mwenye mikono!" Mzee Nurdini alimkumbatia kwa nguvu hata mshono wa jezi ukalia. Hawakuwa wameonana tangu Bundala alipoacha mpira, mwaka uliofuata, akarudi kwao kulima mpunga.

"Huyu ndiye aliyetutoa machozi watu wa Kigoma," Ambrosi alimwambia Sixbert. "Mama yangu mzazi alilala njaa siku ile, na wala hajui mpira."

Walikaa. Mzee Nurdini hakungoja hata salamu ziishe. Alisimama, akatandaza mikono kama goli, akaanza. "Unakumbuka, kipa? Yule mshambuliaji wao kaweka mpira chini. Uwanja mzima kimya. Mimi niko nyuma yako, debe hili hapa. Nikasema moyoni, huyu nimemtazama tangu asubuhi anapasha moto, mara tatu kapiga upande ule ule. Nikakuita..."

Bundala alikunja uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shamba, aliyezoea kusema mvua ni mvua.

"Uliniita wewe?"

"Mimi si ndiye!"

"Hapana, mzee mwenzangu. Aliyeniita alikuwa mwanamke."

Ambrosi alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

"Alikuwa mwanamke kijana," Bundala aliendelea. "Kanga ya njano. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Nakumbuka kwa sababu niliwaza, huyu mguu wake unaungua na mchanga, na bado anapiga debe."

"Umezeeka, kipa," alisema Mzee Nurdini taratibu. "Umesahau."

"Nimesahau mengi, kweli. Sura nimezisahau. Lakini sauti ile sijaisahau."

Sixbert alipekua daftari haraka, kama mwalimu aliyeulizwa swali lisilo kwenye kitabu. "Hapa pana jina moja tu. Nurdini Shabani. Pasi ya mfanyakazi. Mwanamke hayupo. Orodha nzima haina mwanamke."

Bi Mwanamkuu alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai na vitumbua. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama mumewe, akaona shingo yake imeiva kwa jezi kumbana na kwa aibu, na akafanya alilolifanya siku zote, akaokoa.

"Shemeji, kunywa chai," alimwambia Bundala. "Inapoa."

Bundala aliganda na mkono hewani. Alimgeukia polepole. Macho yake yalianza kulengwa na machozi, jambo lililowashangaza wote, maana alikuwa mtu mkubwa mno kulia kwa ajili ya chai.

"Ni wewe," alisema.

Mzee Nurdini aliikanyaga sandali ya Ambrosi akitafuta njia, akatoka. Walimwona dirishani akivuka barabara katikati ya bodaboda na baiskeli, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo, na lile neno jeupe likiwa juu yake kwa kila mtu kulisoma.

*

"Ni kweli, mama?" Najiat aliuliza jikoni. Wageni walikuwa wameaga, isipokuwa Bundala, aliyekaa barazani akijilaumu.

"Baba yako alikuwa zamu," alisema Bi Mwanamkuu. "Pasi ilikuwa yake, na haki ya mke kuitumia ilikuwepo. Akaniambia, nenda wewe, utanisimulia. Karani wa safari aliandika jina lililo kwenye pasi. Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake tulikuwa tisa kwenye behewa lile."

"Tisa! Na mimi shuleni nimewapiga watoto wa watu kwa sababu ya debe la baba!" Najiat alikuwa na miaka thelathini na sita, muuguzi wa hospitali ya Kitete, mtu wa kuamrisha wodi nzima, lakini sasa sauti yake ilikuwa ya msichana wa darasa la nne. "Na kesho wewe unapika pilau ya sherehe yako mwenyewe?"

"Watu lazima wale."

"Mama, jina lako litachorwa lini? Wakishapaka ule ukuta, basi."

Bi Mwanamkuu alijifunga kanga ya pili, akatoka kumtafuta mumewe, na hakuuliza mtu njia.

*

Uwanja wa Karakana haukuwa na uzuri wa kumwonyesha mgeni. Ulikuwa na ukuta wa matofali uliotobolewa na watazamaji wasio na kiingilio, jukwaa moja la mbao, na nyasi upande mmoja tu, ule unaopata maji ya bomba lililovuja tangu zamani. Lakini ulikuwa na desturi yake. Treni ikipita kando ya ukuta, watazamaji wote waliupa mpira kisogo na kupungia mabehewa mikono. Wageni waliona ni uwendawazimu. Wapo waliofungwa mabao Karakana kwa kushangaa, wakitazama uwanja mzima ukiaga watu usiowajua.

Mzee Nurdini alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini ya jukwaa. Mkewe alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Sikusema uongo," alisema mzee, bila kumtazama. "Mama Najiat, wallahi sikusema uongo. Mimi daraja la Malagarasi naliona. Maji ya kahawia, mitumbwi miwili. Naliona hivi ninavyokuona wewe."

"Najua unaliona. Mimi ndiye niliyekuonyesha."

"Nimekaa hapa nikihesabu siku. Siku ile nilikuwa zamu. Nilisimama palepale pangu, nikaigeuza reli, nikaona behewa lenu linapita na matawi. Ulinipungia. Hilo nalo naliona. Sasa mtu anawezaje kuona yote mawili?"

Bi Mwanamkuu alichukua kijiti, akachora mchangani, akafuta. "Nilivyorudi nilikusimulia kila jioni kwa mwezi mzima. Ulikuwa hunichoki. Mwaka wa kwanza kwa Ambrosi ulisema, mke wangu alipiga debe. Mwaka wa pili ukasema, tulipiga debe. Nikafurahi, nikasema, vizuri, tuko pamoja. Baadaye ukasema, nilipiga."

"Kwa nini hukunikatiza?"

"Nikukatize mbele ya watu? Nikasema, si mume wangu? Jina ni la nyumba, likae popote."

"Na hukuumia?"

"Niliumia kama mtu anayekuta jiwe kwenye wali. Unalitoa, unaendelea kula. Lakini jino linakumbuka."

Mzee Nurdini aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Kesho siji. Mwambie Sixbert naumwa."

"Utakuja," alisema Bi Mwanamkuu. "Bundala nitamsihi, hatasema neno. Ambrosi nitamziba mdomo kwa pilau. Utavaa jezi, utasimulia kama siku zote. Watu wamekuzoea hivyo. Mimi nimeishi bila jina hilo miaka arobaini kasoro, nitashindwa sasa?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na hapo ndipo palipokuwa na uzito. Angemlaumu, mzee angejitetea, wangerudi nyumbani na ugomvi wao. Lakini alikuwa amempa kila kitu, na akamwachia achague.

Walirudi wakifuatana, yeye mbele, mkewe nyuma. Walipofika barabarani Mzee Nurdini alisimama akamngoja, wakavuka sambamba.

*

Jumamosi watu walianza kuingia saa sita. Walikuja wenye baiskeli na wenye bajaji, walikuja wazee kwa fimbo, walikuja waliotoka Nzega na Igunga alfajiri. Wengi hawakutazama uwanja, walitazama mahali pao. Mmoja alilisugua tofali alilozoea kukanyaga akichungulia, akamwonyesha mjukuu wake. Mwingine alibishana na jirani juu ya bao la mwaka 1991, lilikuwa la kichwa au la goti, wakashikana mashati, wakaachiana wakicheka.

Nyuma ya ukuta moshi wa kuni ulikuwa umepanda. Bi Mwanamkuu na wenzake watatu waligeuza pilau kwa miko mikubwa. Bundala alikuwa amekwisha kusihiwa. Alikuwa amekubali kwa kichwa tu, uso umemfura kama mtu aliyemeza dawa chungu.

Sixbert alisoma majina. Kwa waliofariki, watu walisema "Mola amrehemu" au "Apumzike kwa amani," kila mtu kwa dini yake, sauti zikachanganyika. Walio hai walitembea mpaka katikati, mmoja mmoja, na makofi yaliwafuata. Walitembea kwa madaha, hata wenye magoti mabovu.

"Na sasa," Sixbert alipaza sauti, "wa arobaini na tatu, mnamjua wenyewe! Nurdini Shabani! Debe!"

Uwanja ulilipuka. Mzee Nurdini alitoka jukwaani. Hakuwa amevaa jezi. Aliibeba mkononi, imekunjwa vizuri, na mwilini alivaa kanzu yake ya Idi. Sixbert alitazama jezi, akatazama kanzu, akampa kipaza sauti akinong'ona, "Mzee, vipi?"

"Assalamu alaykum," alisema Mzee Nurdini. "Na wengine, habari za mchana. Mimi nina jambo moja. Treni ile ya Kigoma mimi sikuipanda."

Makofi yalikatika vipande vipande, kama mvua inayoacha.

"Sikuipanda. Nilikuwa zamu. Nilichofanya mimi ni kuigeuzia reli ishike njia ya Kigoma, na ilishika vizuri, haikuanguka. Hilo nililifanya kwa mikono hii na sina haya nalo." Akaiinua ile jezi. "Lakini debe sikupiga. Nimewasimulia uongo, na mwisho nikauamini mimi mwenyewe. Aliyekwenda kwa pasi yangu ni mke wangu. Aliyesimama nyuma ya goli ni yeye. Kipa yupo hapa, muulizeni."

"Ni kweli!" alinguruma Bundala, kabla hajaulizwa, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Kijana mmoja alipiga mluzi wa kebehi juu ya ukuta. "Mzee Debe tupu huyo!" alipiga kelele, na baadhi wakacheka. Mzee Nurdini alikisikia kicheko hicho, kikamwingia, na hakuondoka mahali pake. Alingoja kiishe.

"Cheka, mwanangu," alisema. "Ni haki yako. Ukimaliza, nisaidie kumwita. Yuko nyuma ya huo ukuta, anakupikia wewe."

Bi Mwanamkuu alikataa kuja. Najiat ndiye aliyemnyang'anya mwiko. Aliingia uwanjani na kanga mbili zenye masizi, mikono inang'aa mafuta, akitembea upesi kama anayetaka jambo liishe. Kinamama walianza vigelegele upande wa nyasi, vikazunguka uwanja mzima. Bundala alipiga magoti. Mtu wa miaka sabini, mbele ya watu elfu mbili, alipiga magoti kumwamkia mwanamke aliye mdogo kwake kwa umri.

"Simama, shemeji, unanitia aibu," alisema Bi Mwanamkuu, na kipaza sauti kikaibeba sauti yake. Waliokuwa Kigoma mwaka ule waliinua vichwa.

Mumewe alimkabidhi jezi kwa mikono miwili. Mkewe aliipokea, akaipima kwa macho, akaitandaza begani juu ya kanga. Kwake ilikuwa na nafasi.

Sixbert alikuwa amebaki na daftari mkononi. Alikuwa bado hajaamua la kufanya alipoguswa kiwiko. Alikuwa mzee Kulwa, aliyeitwa wa tisa, fundi wa mabehewa mstaafu.

"Katibu," alisema Kulwa, "pale penye jina langu nami futa. Mimi sikusafiri. Alikwenda Advera wangu. Mwaka juzi nimemzika. Nimetembea pale katikati kwa miguu yake."

"Na mimi!" alisema mwingine. "Alikwenda mama watoto, mimi nilikuwa na malaria."

"Mwalimu, kwangu sijui nani alikwenda, lakini mimi sikwenda!" alisema wa tatu, na uwanja ukacheka kicheko kingine, kisicho na sumu. Bibi mmoja alikuwa tayari anashuka jukwaani akishikwa mkono na wajukuu wawili, akilalamika kwamba watu wamechelewa sana, angeweza kufa.

Sixbert aliomba kiti. Akaomba meza, ikaletwa ile ya wauza tiketi. Alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari, akaomba kalamu kwa sababu yake ilikuwa ya risasi.

"Tuanze na wewe, mama. Jina?"

"Mwanamkuu."

"Mwanamkuu Nurdini," alisema Sixbert akianza kuandika.

"Mwanamkuu binti Abdulatifu."

Kalamu ilisimama. Sixbert aliinua macho, akamtazama Mzee Nurdini kama mtu anayeomba ruhusa.

"Usinitazame mimi," alisema mzee. "Andika alivyosema."

Sixbert akaandika, na nyuma ya Bi Mwanamkuu mstari wa watu ulikuwa umefika kwenye kibendera cha kona. Refa alitazama saa yake, akapuliza filimbi. Hakuna aliyeondoka kwenye mstari.